Sheria ya Vioo Vyeusi, Isipokuwa Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeula! Mkuu wa kitengo cha sheria ameniita ofisini kwake asubuhi, akafunga mlango, akasema Baraza la Mji limechoka na magari ya vioo vyeusi. Watu wanagongwa na dereva hajulikani. Wezi wanapita mchana kweupe kama wageni rasmi. Inatakiwa sheria ndogo, yenye haki na inayotekelezeka, na wa kuiandika ni mimi. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni jinsi walivyochelewa kunigundua.

Nikarudi mezani kwangu kwa mwendo wa taratibu ili wote wanione. Bwana Mkato akanipongeza. Huyu ni mwenzangu wa meza ya dirishani. Tumempachika jina hilo kwa sababu anaweza kubishania alama ya mkato kuanzia chai ya asubuhi hadi watu wanafunga ofisi. Alipomaliza kunipongeza akauliza, kwa ile sauti yake ya upole ninayoichukia, na gari langu je?

Nikakaa.

Gari langu! Mheshimiwa, ndivyo ninavyomwita. Saluni ya kijivu, umri umekwenda, kioo cha nyuma kushoto hakishuki tangu nimnunue. Lakini vioo vyake ni vyeusi ti! Nikiwa ndani yake mimi si mwandishi wa sheria daraja la pili. Mimi ni nani? Hakuna ajuaye, na hapo ndipo penye utamu. Majirani wananyamaza nikipita. Mlinzi wa geti la ofisi hunipigia saluti kila asubuhi, kisigino kwa kisigino, akidhani ndani kuna mkubwa. Naegesha nyuma ya jengo ili asinione nikishuka. Saluti ile naipenda kuliko mshahara. Nasema kweli.

Wanivue tinti? Kwa kalamu yangu mwenyewe? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na akili mpya. Sheria naiandika mimi, kwa hiyo kipimo nakipanga mimi. Bwana Mkato anataka kifaa cha kupimia mwanga kwenye kioo. Kifaa! Kifaa hakina huruma. Mimi nimeandika hivi: askari atasimama hatua tatu kutoka kwenye gari, na akiweza kuhesabu watu waliomo, kioo hicho ni halali. Rahisi, nafuu, ya kibinadamu. Na kwa macho makali ya askari wetu, Mheshimiwa atapita bila shaka.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akasema hana haja ya hesabu zangu. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anakaa nasi tangu alipofanyiwa upasuaji wa macho. Jua kali hawezi kabisa. Kila Jumatatu nampeleka kliniki kwenye kiti cha nyuma cha Mheshimiwa, na cheti cha daktari kinachosema akae gizani kimo kwenye mkoba wake. Mke wangu akasema si niandike tu kwamba mwenye cheti cha daktari aachwe na vioo vyake, mambo yaishe.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba sheria haiandikwi jikoni. Akanikata jicho. Mama mkwe akasema kutoka sebuleni kwamba mwanangu mwacheni, ana kazi nzito. Mama mkwe ananielewa.

Jumatano, 5 Machi

Leo tulikuwa na jaribio la kipimo changu kwenye uwanja wa nyuma wa ofisi. Mkuu alikuja. Trafiki mmoja mrefu aliazimwa kutoka kituo cha jirani. Mheshimiwa ndiye aliyekuwa gari la mfano, maana nilijitolea, kwa ushujaa.

Nikawaingiza kiti cha nyuma katibu muhtasi wa Mkuu, mhasibu mnene, na Bwana Mkato kwa makusudi. Nilimvalisha mhasibu koti jeupe ili aonekane vizuri. Mtu anayejua kazi yake hupanga mambo kabla. Nikafunga milango. Trafiki akahesabu hatua tatu, akainama, akakaza macho, akasema haoni mtu. Nikamwambia aangalie tena. Akasema anaona uso wake mwenyewe, na kwamba anahitaji kunyoa.

Mkuu akaanza kuzungumza na trafiki mambo ya foleni za mjini. Nami nikaingilia kati kueleza kwamba jua lilikuwa upande mbaya. Tukazungumza kwa muda. Kumbe milango ya Mheshimiwa imejifunga! Tena ile ya nyuma haifunguki kwa ndani, hilo nilikuwa nalijua lakini halikunijia akilini. Wale watatu walikuwa wanapunga mikono, wanagonga vioo, wanalia kuomba hewa, na sisi tumesimama pale pale hatuoni kitu. Tulishtuka gari lilipoanza kutikisika. Mhasibu alitoka amelowa chapachapa, akalala kwenye nyasi kifudifudi. Katibu muhtasi aliniita jina ambalo siliandiki hapa.

Bwana Mkato akasema, huku akipepewa na faili, kwamba ndiyo maana sheria hii inahitajika. Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Nimeshindwa kuelewa kwa nini. Jaribio limeonyesha wazi kwamba Mheshimiwa ni gari imara.

Alhamisi, 6 Machi

Kipimo changu kimetupwa. Kifaa cha Bwana Mkato kimekubaliwa. Sawa. Sina kinyongo, ila sitamsahau.

Nikaenda kwa Mkuu na hoja nyingine. Nikasema kwamba kila sheria ina watu inaowasamehe, basi hii nayo imsamehe mtumishi fulani mwenye gari fulani. Akauliza mtumishi gani. Nikasema mfano tu, mimi. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema sheria haitaji mtu kwa jina. Hilo mwandishi wa sheria hufundishwa siku ya kwanza.

Haitaji jina! Nilitoka pale nikiruka moyoni. Hakusema haielezi sura!

Nimekaa mchana kutwa na kalamu. Kifungu cha magari yaliyosamehewa sasa kinasomeka hivi: "gari la saluni la rangi ya kijivu lenye umri unaozidi miaka ishirini, ambalo kioo chake cha nyuma upande wa kushoto hakishuki, na ambalo huendeshwa na mtumishi wa Baraza la Mji anayeandika sheria." Soma mara mbili. Umeona jina la mtu hapo? Hakuna. Mji mzima gari la namna hiyo ni moja, lakini hilo si kosa la sheria. Ni maajabu ya takwimu.

Nimekisoma kwa sauti peke yangu chooni. Kinateleza kama sabuni.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Mkato hajui kukaa na mambo yake. Ameniletea kifungu alichoandika kwa hiari yake, na Mkuu ameagiza kiingie, tena kiwe cha tatu, juu ya vifungu vyangu vyote vya maana. Kinasema mtu yeyote ambaye yeye au wa nyumbani kwake ana maradhi ya macho au ngozi yasiyostahimili jua, akionyesha cheti cha hospitali, atapewa kibali cha kubaki na vioo vyeusi. Eti haki. Eti kuna watu jua kwao ni adui.

Rasimu sasa imesimama hivi. Cha kwanza, jina la sheria. Cha pili, maana ya maneno. Cha tatu, hicho cha kwake. Cha nne, magari yanayokatazwa. Cha tano, magari yaliyosamehewa, yaani mimi. Cha sita, wajibu wa mafundi wanaobandika tinti. Cha saba ndicho chenye meno, na nimekiandika mwenyewe kwa jasho: askari atalisimamisha gari lolote lililotajwa katika kifungu cha nne na kuliondolea tinti papo hapo, wala hataligusa gari lililotajwa katika kifungu cha tano. Fupi. Kali. Hata mtoto anaelewa.

Jioni mke wangu alisoma rasimu wakati naoga. Nilipotoka alikuwa anatabasamu. Akasema huyo aliyeandika cha tatu ni mtu na nusu, na kwamba kwa cheti cha mama tumeshapona, basi kile kirefu cha kioo kisichoshuka cha nini tena?

Loh! Yaani Mheshimiwa aokolewe na Bwana Mkato? Niwe napita getini, napigiwa saluti, na moyoni najua saluti ile ni ya hisani yake? Afadhali nitembee kwa miguu. Nikamwambia mke wangu hivyo. Akasema nikitaka kutembea nitembee, mama yake hatembei.

Hakuna anayenielewa nyumba hii. Mama mkwe alikuwa amelala.

Jumatatu, 10 Machi

Kamati ya Baraza imepitia rasimu. Niliingia nimevaa tai. Mwenyekiti wa Kamati ni mzee mmoja asiyependa kusoma, na mtu kama huyo nampenda kazini.

Walipofika kwenye cha tano mjumbe mmoja akauliza kwa nini kioo kisichoshuka. Nikasema hayo ni magari ya kumbukumbu ya utumishi wa umma. Mwenyekiti akasema kumbukumbu ni jambo jema. Akaongeza kwamba gari la maiti nalo lisamehewe, maana marehemu anastahili faragha yake. Nikaandika haraka: "na gari la kubebea maiti." Hakuna tena aliyeuliza chochote. Wanaume kwa wanawake walinyamaza kwa heshima.

Chai ilipoingia nikamvuta Mwenyekiti pembeni. Nikamwuliza kama anajua cheti cha daktari siku hizi kinapatikana wapi. Akasema wapi? Nikasema kila kona! Nikamwambia kifungu cha tatu kikipita, wiki ya pili mji mzima utakuwa mgonjwa wa macho, na wa kwanza kuonekana kipofu wa mambo atakuwa yeye. Akaacha kutafuna. Akasema hakuwa ameliona hivyo. Nikasema ndiyo kazi yangu, kuwaonea wakubwa.

Baada ya chai Mwenyekiti akagonga meza. Cha tatu kifutwe! Bwana Mkato alisimama akajieleza vizuri sana, kwa vituo na mikato yake yote. Wapi! Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kliniki leo mama mkwe alipelekwa na mke wangu kwa teksi, maana nilikuwa na Kamati. Nimeambiwa aliulizia Mheshimiwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekifuta kwa mkono wangu. Nimekiweka kivuli, nikabonyeza, kikatoweka. Raha iliyoje! Na kompyuta, jamani, ni kiumbe mwenye adabu: kilipotoka cha tatu, vya chini vyote vikapanda vyenyewe na kujipa namba mpya. Cha nne kikawa cha tatu, cha tano kikawa cha nne, mpaka mwisho. Sikugusa kitu. Ukurasa ukabaki msafi kama hajawahi kupita mtu.

Bwana Mkato akaja mezani kwangu. Akasema hana neno juu ya uamuzi wa Kamati, ila anaomba aipitie rasimu mara moja kabla haijaenda kwa mpiga chapa, kwa sababu kifungu kikitoka, huwa kuna vitu vya kuangalia humo ndani. Vitu vya kuangalia! Mtu mzima, kifungu chake kimefutwa, bado anatafuta upenyo wa kukirudisha. Nikamwambia asante, macho yangu yanatosha. Akasema haya. Akasimama pale kidogo kama anataka kuongeza neno, nikajitia hamnazo, akaondoka.

Nimeituma. Nimeitia muhuri mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Baraza limepitisha! Mikono yote juu, hakuna aliyepinga, na sidhani kuna aliyesoma. Mkuu amenipa mkono mbele ya watu. Inaanza kutumika Jumatatu.

Jioni nimemwosha Mheshimiwa, nikampaka nta kwenye vioo. Jirani mmoja, fundi cherehani, akanionea huruma akasema pole, Jumatatu si wanabandua? Nikamwambia asubiri aone. Nikamwambia kuna magari na kuna magari. Hakuelewa, nami sikumweleza. Mambo ya wakubwa hayo.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Mke wangu yuko upande wa pili wa mlango.

Nianze mwanzo. Asubuhi nilimkalisha mama mkwe kiti cha nyuma, kuelekea kliniki. Mheshimiwa anang'aa. Mbele ya soko kuna kizuizi cha askari, na aliyesimama katikati ni yule trafiki mrefu wa siku ya jaribio, safari hii na karatasi mkononi na fundi mwenye wembe pembeni. Magari yenye vioo vyeusi yanapita mfululizo. Meusi kama sufuria! Nikashangaa kidogo kwamba hayasimamishwi, lakini nikasema labda bado wanajipanga. Nikapunguza mwendo ili aone namna gari lililosamehewa linavyopita.

Akaruka barabarani, mikono yote miwili juu.

Nikashusha kioo changu, nikatabasamu, nikamwambia amekosea. Akasema hajakosea hata kidogo, alikuwa ananisubiri tangu kumepambazuka. Akanisomea kwa sauti. Kifungu cha saba, ambacho sasa ni cha sita: askari atalisimamisha gari lolote lililotajwa katika kifungu cha nne. Akageuza ukurasa. Kifungu cha nne: gari la saluni la rangi ya kijivu lenye umri unaozidi miaka ishirini, ambalo kioo chake cha nyuma upande wa kushoto hakishuki...

Kompyuta ilizipandisha namba za vifungu, lakini zile nilizoziandika kwa maneno ndani ya sentensi ziliachwa pale pale zilipokuwa! Nne ilikuwa magari yaliyokatazwa. Sasa nne ni mimi.

Trafiki akasema ametumikia barabara miaka mingi na hajawahi kupewa sheria iliyonyooka namna ile. Kawaida wanaambiwa wakamate magari yenye kutia shaka, kila mtu anabisha, wanashinda kutwa wanatukanana. Hii imemtajia rangi, umri, mpaka kioo kibovu. Akasema aliyeiandika abarikiwe.

Nikamwambia aliyeiandika ndiye mimi na sikukusudia hivyo. Akaniangalia. Akasema, basi mzee, hongera.

Na sikuwa peke yangu kwenye foleni ya wahalifu. Mbele yangu lilikuwa limesimamishwa gari la maiti! Wafiwa wameshuka, wamejipanga kando ya barabara, fundi anawabandulia tinti wakimtazama marehemu wao akianikwa hadharani. Mama mmoja wa makamo alikuwa analia kwa hasira akiuliza ni mjinga gani aliyetunga sheria ya kukamata maiti. Yule trafiki, Mungu amsamehe, akanyoosha kidole kwangu.

Sitaandika yote niliyoambiwa. Walikuwa na uchungu.

Fundi akaja kwa Mheshimiwa na wembe wake. Nilisimama pale nikasikia tinti inavyochanika, kila kioo na mlio wake, na sina aibu kusema machozi yalinilenga. Ndani kukaonekana kote. Kiti kilichopasuka, ndoo, viatu vyangu vya mvua, mfuko wa vitunguu vya juzi. Watu wa soko wakasogea kutazama mkubwa ni nani. Wakaniona. Wengine wakarudi kwenye shughuli zao.

Ndipo nikamkumbuka mama mkwe. Jua lilikuwa likimpiga moja kwa moja. Amejifunika kanga kichwani, ameinama mpaka magotini, mikono juu ya macho. Nikafungua mlango nikamwambia mama, pole. Akauliza kutoka ndani ya kanga, je, ni kweli mwanangu hii sheria umeiandika wewe? Nikasema ndiyo mama. Akauliza, na hapakuwa na mahali humo pa kuandika kwamba kuna wagonjwa?

Nilisema kulikuwa na mahali.

Mama mkwe akaivuta kanga ikamfunika zaidi. Mmoja wa wafiwa, mtu niliyemkosea, alisimamisha teksi yenye vioo vyeusi ti, wakamwingiza humo na kanga yake. Teksi ikapita mbele ya kizuizi. Trafiki akaipisha kwa heshima, maana haikutajwa popote.

Jumanne, 1 Aprili

Daktari amesema macho ya mama yamevimba lakini yatatulia, akae gizani wiki nzima. Mke wangu amehamishia pazia letu la chumbani kwenye dirisha la mama yake. Nimeamshwa na jua. Nilistahili, nakiri. Kidogo.

Ofisini nimeingia na Mheshimiwa akiwa uchi. Mlinzi wa geti alianza kuinua mkono wa saluti kwa mazoea, akanitambua, akautumia kujikuna sikio.

Mkuu hakupiga kelele. Aliweka tu rasimu mezani na kusema Baraza linakaa kikao cha dharura. Bwana Mkato atairekebisha, na kifungu chake cha tatu kinarudi kama kilivyokuwa. Bwana Mkato hakunicheka. Alikuja na fomu ya kibali, akasema kwa cheti cha mama mkwe wangu nitakuwa wa kwanza kupewa, nijaze tu. Nilimwambia nitaifikiria. Mke wangu ameijaza yeye, kwa jina lake. Kwa hiyo Mheshimiwa atarudishiwa vioo vyake, lakini kisheria vitakuwa vya mke wangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimelala nikatafakari kwa kina, na nimeiona kasoro ilipokuwa. Kasoro ilikuwa gari la maiti. Lisingeongezwa lile, wafiwa wasingekuwepo, kelele zisingekuwepo, na jambo lingeisha kimyakimya baina yangu na trafiki kama watu wazima. Nililiambia Baraza tangu mwanzo. Yaani, ningeliambia kama wangeniuliza.

Habari njema ni kwamba Mkuu bado ananitegemea! Ameniita leo. Akasema ili nipumzike na mambo ya barabara, niandike kanuni za walinzi wa mageti ya ofisi za Baraza. Jambo dogo, akasema, kurasa mbili, haliwezi kuharibika.

Dogo? Nilitoka pale kichwa kinachemka. Nimeshaanza, na limekwenda vizuri mno. Cha tano kinaeleza ni nani apigiwe saluti: "mtumishi wa Baraza, mwenye umbo la wastani, anayeandika sheria, akiwa ndani ya gari la aina yoyote au nje yake." Umeona jina la mtu hapo? Cha sita kinaeleza ni nani azuiwe getini na kupekuliwa mpaka soksi: wachuuzi, matapeli na wasio na kitambulisho. Cha nane ndicho chenye meno: mlinzi atampigia saluti aliyetajwa katika kifungu cha tano, na atamzuia na kumpekua aliyetajwa katika kifungu cha sita.

Ila Mkuu amemruhusu Bwana Mkato achomeke kifungu kipya juu, kiwe cha pili, kuhusu lugha ya staha kwa wageni. Hakina maana yoyote, lakini safari hii sitagombana na mtu. Nimekomaa. Nimekiingiza mwenyewe, vya chini vyote vikashuka na kujipa namba vyenyewe bila mimi kugusa kitu.

Bwana Mkato ameomba aipitie kabla haijatumwa. Nimemwambia asijisumbue.